Jengo Lisilo na Kadi

 

Leo tuzungumzie vyuma. Inua macho ukiwa mjini Nyamira, Keroka, au Kisii kwenyewe, utaviona vimechomoza juu ya slabu, vinne vinne, kila penye nguzo. Mwenye jengo alimaliza ghorofa mbili, pesa zikakatika, akapangisha vyumba vya chini na kuviacha vyuma hivyo vikisubiri ghorofa ya tatu. Anaweza kusubiri miaka miwili, anaweza kusubiri kumi. Mvua zetu hazisubiri. Huku kwetu hunyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na maji yanayoangukia chuma kilicho wazi huteremka nacho hadi pale kinapoingia kwenye zege. Siku pesa zikipatikana, fundi anafunga chuma kipya kwenye kile chenye kutu, mbao zinapigwa, zege linamwagwa, na mpangaji wa chini hata haambiwi.

Sasa huyo mpangaji, ambaye nguzo inapita kando ya kitanda cha watoto wake, atajuaje kama nguzo hiyo bado ina nguvu iliyokuwa nayo siku ilipojengwa?

Tuanze na zege lenyewe. Zege ni gumu mno likibanwa, lakini likivutwa halina ubavu. Nguvu yake ya kuhimili mvuto ni kama sehemu moja tu ya kumi ya nguvu yake ya kuhimili mbano. Ndiyo maana tunalitia vyuma, zege libebe mbano na chuma kibebe mvuto. Zege lililo zima pia hukikinga chuma. Lina ualkali mkali, pH yake inakaribia 13, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba unaozuia kutu. Lakini miaka inavyokwenda, kaboni dioksidi iliyo hewani hupenya polepole, na ualkali ukishuka chini ya pH 9, utando ule hautegemewi tena. Maji na hewa vikikifikia chuma, kutu inaanza. Na kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa. Nafasi hiyo haipo ndani ya zege, kwa hiyo zege linapasuka kutoka ndani kuja nje.

Kinachoamua kutu ianze mapema au ichelewe ni, zaidi ya yote, ubora wa zege na unene wa lile linalokifunika chuma. Hiyo ndiyo kazi ya vile vibonge vidogo vya simiti ambavyo mafundi wa mjengo huviita biskuti. Huwekwa chini ya vyuma ili visilale juu ya mbao. Fundi akizisahau, au akiona zinamchelewesha, chuma kinalala kwenye ubao, na ubao ukitolewa kinabaki kimefunikwa na milimita chache tu. Ingia chini ya baraza ya jengo lililojengwa hivyo, tazama dari yake: utaona mistari ya kahawia iliyonyooka, imepishana kwa nafasi sawasawa. Hayo si madoa ya maji tu. Ni ramani ya vyuma, imechorwa na kutu.

Tatizo ni kwamba kabla ya mistari hiyo kuonekana, mengi yamekwisha kutendeka ndani. Ndipo wahandisi wanapotumia vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyobandikwa juu ya zege au kufukiwa ndani yake ili vitoe habari ambazo jicho halizipati.

Viko vya namna nyingi. Kuna utepe mwembamba wenye waya ndani, unaogundishwa kwenye chuma kabla zege halijamwagwa. Chuma kikivutwa, waya nao unavutwa, umeme unapita kwa shida zaidi, na kutokana na tofauti hiyo tunajua chuma kimerefuka kwa sehemu ngapi katika milioni. Kuna uzi wa kioo, wa jamaa moja na ule unaoleta intaneti. Mwanga hupitishwa ndani yake, na zege likipanuka au kupasuka, mwanga unaorudi unabadilika. Kuna vipande vya fuwele vinavyotoa umeme vikibanwa, tabia iliyogunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Ufa unapokua ndani ya boriti hutoa sauti nyembamba ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia, lakini fuwele hizo huinasa. Ukiweka kadhaa mahali mbalimbali, ukalinganisha ni ipi iliyoipata sauti kwanza na ipi baadaye, unaweza kukadiria ufa uko wapi.

Vipo pia vihisi vya mtikisiko. Kila jengo lina mtikiso wake wa asili, mara kadhaa kwa sekunde, hata likisukumwa na upepo tu au lori lililopita barabarani. Likidhoofika, mtikiso huo hupungua kasi. Jengo likipoteza karibu theluthi moja ya ukakamavu wake, kasi ya mtikiso hushuka kwa karibu asilimia 18. Huwezi kuliona badiliko hilo ukiwa umekaa sebuleni, ila kihisi hulisoma.

Msikilizaji, wengi wetu tuna ndugu Minnesota, kule Marekani. Waulize kuhusu daraja la barabara kuu nambari 35W mjini Minneapolis. La zamani, la chuma, lilianguka tarehe 1 Agosti 2007, saa ya watu kutoka kazini, likaua watu 13. La zege lililojengwa mahali pake lilifunguliwa Septemba 2008 likiwa na vihisi zaidi ya 300 ndani yake: vya mkazo, vya joto, vya mtikisiko, vya kutu. Kwa hiyo mtoto wetu anayeendesha gari juu ya daraja lenye vihisi vyote hivyo ndiye anayetuma dola zinazoongeza ghorofa ya tatu hapa nyumbani, juu ya nguzo ambazo hakuna aliyezipima hata mara moja.

Najua wewe unayenisikiliza unasema: hayo ni ya Wazungu, sisi tutayatoa wapi? Kwa kweli vifaa si kikwazo kikubwa kuliko vyote. Vihisi vidogo vinavyotumia laini ya simu na paneli ya jua vinapatikana, na bei yake imekuwa ikishuka. Tunachokosa ni kitu kingine, na ndicho hasa nilichokuja kukisema leo.

Mama akimpeleka mtoto kliniki, nesi humweka kwenye mizani na kutia nukta kwenye kadi. Kilo 7 peke yake haisemi lolote. Inasema kitu ukijua mtoto alizaliwa na kilo ngapi, mwezi uliopita alikuwa na ngapi, na mstari unapanda au unashuka. Vihisi vyote nilivyotaja ni mizani. Kazi yake ni kutambua badiliko, na badiliko halijulikani bila mwanzo. Majengo yetu hayana kadi.

Fikiria jengo lililoanza na ghorofa mbili. Baada ya miaka minne likaongezwa ya tatu na fundi mwingine. Likaja kupokea ya nne kutoka kwa fundi ambaye hakuwahi kukutana na wale wawili. Juu kabisa likawekwa tangi la lita 10,000, ambalo likijaa ni tani 10 za maji. Michoro ya kwanza iko wapi? Msingi ulikusudiwa kubeba ghorofa ngapi? Slabu ya kwanza ilimwagwa lini, na simiti yake ilichanganywa kwa kipimo gani? Ukibandika kihisi leo kwenye nguzo ambayo kutu imekwisha kuila, kitaiandika hali hiyo kuwa sifuri. Kitakuambia mwaka ujao kwamba hakuna kilichobadilika, nawe utalala usingizi juu ya jengo bovu lililothibitishwa kwa kompyuta.

Ndiyo maana jengo la zamani lazima lichunguzwe kwanza, kisha ndipo vihisi vifuate. Uchunguzi huo si miujiza. Ipo nyundo ya Schmidt, iliyobuniwa na Mswisi Ernst Schmidt mwishoni mwa miaka ya 1940, inayopiga uso wa zege na kupima inavyodunda. Kipo kifaa cha kupitisha mawimbi ya sauti kutoka upande mmoja wa nguzo hadi wa pili. Katika zege bora kabisa mawimbi huenda zaidi ya kilomita 4.5 kwa sekunde, na yakishuka chini ya kilomita 3, mhandisi anaanza kuuliza maswali magumu. Kipo cha kupima umeme mdogo unaozalishwa na kutu, na kingine cha kuonyesha chuma kiko kina gani. Baada ya vipimo hivyo, sifuri ya kihisi inakuwa na maana.

Na hata hapo, subira inahitajika. Mtikiso wa jengo hubadilika pia tangi likijaa, kuta zikilowa, jua likiwaka. Kihisi kinapaswa kupita majira yote ya mwaka mzima, ya mvua na ya kiangazi, kabla mtu hajasema hili ni badiliko la hatari na lile ni la hali ya hewa.

Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote, na hapa ndipo tunapoitumia vibaya kuliko mahali pengine popote. Ufa unatokea, mwenye nyumba anamwita fundi, fundi anauziba kwa simiti na kupaka rangi. Ile alama pekee iliyokuwa ikituambia kitu imefutwa, na kilichousababisha kimeachwa palepale. Ufa wa jengo usizibwe kabla haujapimwa. Kuna kifaa cha bei ndogo sana kwa kazi hiyo: vibao viwili vya plastiki vinavyopishana, kimoja kimechorwa miraba ya milimita, kingine kina msalaba mwekundu. Kila kibao hugundishwa upande wake wa ufa. Mwezi wa kwanza msalaba uko kwenye sifuri. Ukikuta umesogea milimita moja kuelekea upande kibao chake kilikogundishwa, ufa umepanuka. Ukiwa umeshuka, upande mmoja wa jengo unazama. Kwa miji yetu iliyojengwa mitelemkoni, ambako nusu ya msingi hukaa kwenye udongo uliochimbwa na nusu kwenye udongo uliojazwa, msalaba unaoshuka baada ya masika ni habari nzito. Hakuna betri, hakuna intaneti. Kunahitajika mtu, kalamu na tarehe.

Lazima pia niseme yale ambayo vihisi vya kutu na nyufa haviwezi. Mwaka 2016, jengo la ghorofa lililokuwa bado likijengwa mjini Kisii liliporomoka na kuua watu. Jengo linaloanguka likiwa bado mjengo halikuliwa na kutu. Sababu za maporomoko ya namna hiyo hutafutwa kwingine: mchanganyiko dhaifu, vyuma vichache kuliko vilivyochorwa, ghorofa nyingi kuliko msingi, au mbao na miti iliyoondolewa kabla zege halijakomaa.

Hilo la mwisho linatuhusu sana sisi wa nyanda za juu. Zege hukomaa haraka penye joto na polepole penye baridi. Watafiti wawili, Nurse mwaka 1949 na Saul mwaka 1951, waliacha kanuni rahisi ya kulikokotoa: unazidisha joto kwa muda, ukianzia kuhesabu nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwa kanuni hiyo, nguvu ambayo zege linaipata kwa siku 7 penye wastani wa nyuzi 25 za Selsiasi, penye wastani wa nyuzi 15 huhitaji karibu siku 10. Sasa fundi aliyezoea kujenga Kisumu, kwenye joto la ziwa, anapandisha kazi mpaka miinuko ya Nyamira ambako usiku hata blanketi moja halitoshi, kisha anatoa miti kwa kuhesabu siku zilezile za Kisumu. Hapo kihisi cha joto kilichofukiwa kwenye slabu, waya wake ukachomoza nje, kinaweza kuokoa watu kwa gharama ndogo. Kinamwambia fundi zege limefikia wapi, badala ya kalenda kumwambia ni Ijumaa na wafanyakazi wanataka malipo.

Tuje kwenye jambo linaloniuma zaidi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha Nairobi, jengo la makazi lilianguka katika mtaa wa Huruma na kuua watu zaidi ya 50. Baadaye maafisa walieleza kwamba jengo hilo lilikuwa tayari limeorodheshwa miongoni mwa yale ya kubomolewa. Huruma haikukosa taarifa, msikilizaji. Taarifa ilikuwepo, na watu wakaendelea kulipa kodi humo. Wala si Afrika peke yake. Daraja la Morandi mjini Genova, Italia, lilikuwa na nyaya za chuma zilizofunikwa kwa zege, jicho lisizione. Mwaka 2017 wataalamu wa chuo cha Politecnico di Milano walipendekeza liwekewe mfumo wa vihisi vya kudumu. Tarehe 14 Agosti 2018 lilianguka mfumo huo ukiwa haujawekwa, wakafa watu 43.

Kihisi kinatuma ujumbe. Ujumbe unaingia kwenye simu ya nani? Ukiingia kwa mwenye nyumba peke yake, tumemweka mtu mmoja kuwa mshtakiwa na hakimu, kwa sababu kuwaondoa wapangaji ni kujikatia kodi. Ukiingia kwa kaunti, ni afisi gani, na anayeupokea usiku wa Jumamosi ana mamlaka ya kuwatoa watu nje? Tazama Keroka. Kisii na Nyamira zimevutana miaka mingi kuhusu mji huo, kwa sababu kuna ushuru wa soko na wa maegesho. Sijasikia kaunti hizo zikigombania nani atunze kumbukumbu za majengo ya Keroka.

Sheria tunazo. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kanuni mpya za ujenzi zimechukua mahali pa zile za mwaka 1968. Kwenye kaunti zetu ningetaka mambo matatu.

La kwanza, kila jengo jipya la ghorofa lifunguliwe kadi siku msingi unapochimbwa, nakala moja ikae kaunti na nyingine ibandikwe mahali mpangaji anapoweza kuisoma. Iandikwe msingi umechorewa ghorofa ngapi, kila slabu ilimwagwa lini, na matokeo ya zile sampuli za zege zinazovunjwa maabarani siku ya 7 na ya 28. Iwe na picha za vyuma kabla havijafunikwa, futi ya kupimia ikiwa imelazwa juu yake. Simu ya fundi yeyote inatosha kwa kazi hiyo.

La pili, majengo ambayo hatuwezi kuthubutu kuyaacha yaanguke, hospitali za rufaa za Kisii na Nyamira, mabweni ya shule, masoko ya ghorofa na madaraja, yachunguzwe na kuwekewa vihisi kabla ya mengine. Vijana wa Kisii National Polytechnic na Chuo Kikuu cha Kisii wapewe kazi ya kuvisoma na kuvitunza, kwa sababu kihisi kisichotunzwa hufa kimya, na kimya chake watu hukidhania kuwa ni usalama.

La tatu, kila kihisi kiwe na majina mawili yaliyoandikwa: la mhandisi anayepokea ujumbe, na la afisa anayelazimika kuchukua hatua, pamoja na saa alizopewa kuichukua. Wapangaji nao wapate ujumbe huohuo, wakati huohuo, bila kuomba.

Wakati hayo yakisubiriwa, nina neno kwa wewe uliye Minneapolis, Nairobi au Doha, unayenisikiliza kwa simu huku fundi akikudai pesa za ghorofa ya tatu. Muulize maswali matatu kabla hujatuma. Msingi ulichorewa ghorofa ngapi, na mhandisi gani aliweka sahihi? Zege la ghorofa ya kwanza lilipimwa likapata nguvu gani? Vile vyuma vilivyonyeshewa miaka yote hii, nani amevikwangua akapima vimebaki na unene gani? Akikujibu kwa karatasi, endelea. Akikujibu kwa kuapa, pesa zako zikae benki na mhandisi atangulie kwenye ploti.